Baba auze shamba nikasome haki jinai?

SWALI

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni binti wa miaka 20, nakaa Kibosho, Moshi. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL, nikapata daraja la pili: Historia C, Kiingereza C, Jiografia D. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatuelewani na muda unatubana.

Tangu nikiwa kidato cha pili nataka kuwa mpelelezi. Shangazi yangu anauza nafaka soko la Mbuyuni. Usiku mmoja stoo yake ilivunjwa, yakabebwa magunia ya maharage. Akakamatwa kijana mmoja na magunia mawili, na shangazi akayatambua palepale, maana yeye hushona midomo ya magunia yake kwa uzi mwekundu na mwishoni hufunga fundo lake mwenyewe. Wakati wa likizo nilikuwa namsindikiza mahakamani. Kila tukifika ni yaleyale: "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Shangazi kafunga biashara, kapanda daladala, kakaa kwenye benchi tangu asubuhi, kapewa tarehe, karudi. Mwisho wa yote mshtakiwa akaachiwa. Aliporudishiwa vielelezo lilikuwa gunia moja tu, maharage yamebunguliwa, na ule mdomo wenye uzi mwekundu umekatwa. Siku ile nilisema aliyeshika kesi hii hakujua kazi yake, na mimi nitaijua.

Mwaka huu nilienda maonesho ya vyuo Arusha nikakutana na wakala wa chuo kimoja cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao. Wana Shahada ya Haki Jinai, yaani masomo ya kazi za polisi, mahakama na magereza, miaka minne, dola 3,200 kwa mwaka. Anasema nikimaliza naweza kuajiriwa polisi, Umoja wa Mataifa, hata FBI, na kwamba Arusha imejaa mashirika ya kimataifa yanayotafuta watu wa fani hiyo. Nimeshalipa laki mbili ya fomu. Nikilipa mwaka wa kwanza kabla ya mwisho wa mwezi napunguziwa robo ya ada.

Baba amekubali kuuza shamba la porini, eka mbili kule Kahe. Kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, hakigusi, hilo kasema wazi. Mama hataki kusikia, anasema shamba hilo ndilo linalotulisha mahindi. Kaka yangu anaendesha bodaboda Kijenge, Arusha, yeye anasema nisipoteze muda, niombe polisi, niende depo, nianze kula mshahara. Mwalimu wangu wa Historia anasema nisome sheria. Kila mmoja ananivutia kwake. Je, hiyo shahada ina thamani ya shamba la baba?

Binti wa Kibosho


MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

La haraka kwanza. Mwambie baba asisaini karatasi yoyote ya kuuza shamba, na wewe usitoe hata shilingi kabla ya huo mwisho wa mwezi. Punguzo linalokukimbiza hivyo limewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza watu kama mimi. Chuo cha mtandao hakina mabweni yanayojaa. Chenye nafasi leo kitakuwa nayo hata Oktoba.

Sasa tuzungumze kazi, kwa sababu wewe hutafuti cheti, unatafuta kushika kesi kama ile ya maharage na kuifikisha mwisho. Tafuta matangazo ya ajira ya miaka miwili mitatu iliyopita: ya Sekretarieti ya Ajira, Jeshi la Polisi, TAKUKURU ya kupambana na rushwa, Mahakama, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ruka sifa zote za utangulizi, nenda kwenye ule mstari wa elimu ya mwombaji. Utakuta sheria, uhasibu, TEHAMA, ustawi wa jamii, sosholojia. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi wameandika haki jinai, kisha rudia kusoma kipeperushi cha wakala. Mimi nikimshauri kijana huanzia kwenye tangazo nikarudi nyuma hadi chuoni. Wakala anakupeleka kinyume chake: anakupa shahada leo, kazi utaitafuta mwenyewe baada ya miaka minne.

Najua kwa nini jambo hili linauzika sasa. Januari 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai mwaka huohuo. Polisi, mashtaka, magereza, wote waliguswa. Mojawapo ya mapendekezo ni kuwa na chombo cha upelelezi kinachojitegemea, nje ya polisi. Ni pendekezo zuri, na kilio cha shangazi yako kimo ndani yake. Hata kabla ya tume, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ilirekebishwa mwaka 2022 ili kesi isifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ukiacha makosa makubwa. Kwa hiyo wapelelezi wanaojua kazi wanahitajika kuliko zamani. Lakini baba hauzi eka mbili kwa ajili ya ofisi iliyo kwenye pendekezo, na hata ofisi hiyo ikija, nayo itatoa tangazo lenye mstari wa elimu.

Hiyo shahada ina kwao. Marekani miji na kaunti nyingi zina polisi wao, magereza yao, maofisa wao wa uangalizi wanaosimamia walio kwenye kifungo cha nje, na vijana wengi wanaotaka kazi hizo husoma haki jinai. Hata huko, idara nyingi za polisi humchukua mwenye cheti cha sekondari zikampeleka chuo chao cha mafunzo, kwa hiyo shahada humsaidia zaidi kupanda cheo. FBI ndiyo hudai shahada, lakini hudai kwanza uwe raia wa Marekani. Hapo wakala alikuona mtoto. Pasi yako ni ya Tanzania, na kusoma kwa simu ukiwa Kibosho hakukupi uraia wala viza.

Kuna kisa ambacho ningependa baba akisikie. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois alikishtaki chuo kilichoendeshwa kibiashara, kilichoitwa Westwood, na shahada yenyewe ilikuwa hiihii ya haki jinai. Wanafunzi waliambiwa wataajiriwa polisi na hata FBI, kumbe ithibati ya chuo ilikuwa ya aina ambayo waajiri wengi wa polisi jimboni humo hawakuitambua. Chuo kilifungwa 2016. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ikatangaza kufuta madeni ya wanafunzi wake wapatao 79,000, jumla dola bilioni 1.5. Hao ni Wamarekani, kwao, na serikali yao imewabeba. Wewe ukiuziwa shahada isiyotambulika hakuna atakayemrudishia baba shamba la Kahe.

Sisemi chuo cha wakala wako ni cha namna hiyo. Huenda ni kizuri kabisa. Ila hata kikiwa kizuri, sheria utakayofundishwa ni ya Marekani: namna polisi wao wanavyokamata, katiba yao, mahakama zao. Siku unapanda kizimbani mbele ya hakimu wa Moshi kueleza kielelezo kilitoka mkononi mwa nani kikaenda kwa nani, utaulizwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania.

Na hayo mashirika ya Arusha? Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilianzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ikakaa pale kituo cha mikutano cha AICC, ikafungwa Desemba 2015. Kilichobaki ni ofisi ya kumalizia mambo yake kule Lakilaki, na ofisi ya kumalizia haiongezi watu. Wapelelezi na waendesha mashtaka wa pale walikuwa polisi na mawakili waliokwishafanya kazi miaka mingi kwao kabla ya kuja. Jaji Chande huyohuyo niliyemtaja aliongoza waendesha mashtaka wa mahakama ile, na alitokea kwenye sheria. Mahakama ya Afrika ipo, ya Afrika Mashariki ipo, na zote zinataka wanasheria kwanza.

Kwa hiyo namuunga mkono mwalimu wako wa Historia, ila nimuongezee alichokuficha. Sheria ndiyo inayofungua milango mingi zaidi katika eneo unalolitaka. Hakimu, hata wa mahakama ya mwanzo, siku hizi huombwa shahada ya sheria. Wakili wa Serikali anayeendesha mashtaka, hali kadhalika. TAKUKURU huchukua wanasheria. Polisi wanapochukua wasomi, wanasheria wamo. Lakini kwa uhakimu na uwakili shahada pekee haitoshi, lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), Dar es Salaam. Matokeo yaliyotoka Oktoba 2022 yalitikisa nchi: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 wakaondolewa. Waziri akaunda kamati, mzee Mwakyembe, waziri wa zamani, akaiongoza, kukawa na kelele nyingi kuhusu nani mwenye kosa. Maoni yangu ni kwamba wengi waliponzwa na chuo walichotoka na Kiingereza cha kuandika. Wewe una C ya Kiingereza. Inatosha kuingia chuo, lakini mwaka wa kwanza usiilalie. Soma hukumu za mahakama zilizochapishwa mtandaoni, bure, moja kila wiki, uone majaji wanavyojenga hoja.

Kuhusu kuingia: kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni alama 4 kwenye masomo mawili, C ni 3, kwa hiyo una 6. Kila chuo hupandisha chake kulingana na wingi wa waombaji, na sheria hugombewa, hivyo usijaze chuo kimoja. Una bahati moja ambayo naona hukuihesabu. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapo Moshi na kinatoa shahada ya sheria. Unashuka na daladala asubuhi, jioni unarudi kula chakula cha mama. Wanafunzi wengi hawaangushwi na ada, wanaangushwa na chumba na chakula. Makumira, pale Usa River, nao wana sheria, ila ni chuo binafsi, ada yake iulize kabla hujaijaza.

Pesa sasa. Kwa wakala ni kama milioni nane kwa mwaka, zaidi ya milioni thelathini hadi umalize, tena kwa dola, na dola ikipanda deni nalo linapanda. Chuo cha umma, masomo kama ya sheria, ada ni milioni moja na kitu kwa mwaka na hulipwa kwa awamu. Halafu kuna Bodi ya Mikopo, ambayo shahada ya mtandao ya Marekani haiihusu. Mkopo huenda usiwe wa asilimia mia, hasa ukiwa na wazazi wote wawili na baba ana mashamba, lakini hata nusu ya ada na bumu la chakula ni msaada mkubwa. Urudishaji wake uujue mapema: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ukianza na laki nane, laki na ishirini hiyo imekwenda. Inauma, ila inakukata ukiwa na kazi. Shamba linaondoka leo, kazi haijaonekana.

Tumgeukie kaka. Hajakosea, kasema nusu. Polisi wanafundishwa hapohapo Moshi, pale CCP, shule ya polisi, hulipi ada, na mshahara unaanza mapema. Akipita mtu nyumbani kwenu na sare hiyo nusu ya kijiji inasimama, nalijua hilo. Nusu ambayo kaka hakusema ni kwamba konstebo mpya hachagui. Utalinda benki, utapanga foleni ya magari, utafanya doria usiku Tunduma au Kigoma, na upelelezi ni idara unayopelekwa baada ya wakubwa kukuona, ukapitishwa kwenye kozi. Wapo waliongoja miaka. Kwa upande mwingine, anayepanda ngazi hiyo anajua mtaa unavyosema uongo kuliko mwanasheria yeyote, na akitaka shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria kina kituo Moshi na kingine Arusha, anasoma akiwa kazini. Kama nyumbani pasingekuwa na hata senti ya daftari, ningekwambia fuata kaka.

Masharti ya polisi yana umri, na mwenye kidato cha sita dirisha lake hufunga mapema kuliko mwenye shahada. Huangalia pia kama hujaolewa, huna mtoto, hujachora tatuu. Waliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hufikiriwa kwanza, kwa hiyo kama ulikwenda kwa mujibu wa sheria, cheti chako kikae mahali pa kuonekana. Jaza chuo, na tangazo la polisi likitoka ukiwa hujaanza masomo, omba pia. Kitakachokuita kwanza tutazungumza. Kama vyote viwili vitakuita, mimi nitasema chuo, kwa sababu ukiwa na shahada ya sheria bado polisi wanaweza kukuchukua, tena kwa umri mkubwa zaidi.

Kuna mlango mwingine watu wa HGL huupita bila kuuona, ustawi wa jamii. Moshi kuna mahabusu ya watoto, Arusha ipo nyingine. Mtoto akifikishwa mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii ndiye anayekwenda kwao, anakaa na bibi, anauliza shule alitoroka lini na kwa nini, anaandika taarifa ambayo hakimu huisoma kabla ya kuamua. Ni upelelezi kabisa, ila wa upole zaidi. Idara ya Huduma za Uangalizi nayo ina kazi za jinsi hiyo kwa watu wazima wanaotumikia kifungo cha nje. Mlango huu hauna mbwembwe za bastola na pingu, na pengine ndiyo maana haugombewi. Ukikosa sheria, uutazame kwa heshima.

Maabara usiiwaze. DNA na sumu ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huko wanataka kemia na baiolojia. Kama ungekuwa na hesabu ningekutuma Chuo cha Uhasibu Arusha, Njiro, ukasome usalama wa mitandao, maana wizi wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" sasa unawaliza watu wengi kuliko wa kuvunja stoo. Ndiyo hivyo, huna hesabu.

Mama ana hoja kuliko wote, na sijui kwa nini hamkumsikiliza. Eka mbili za Kahe zinatoa mahindi kila msimu, na mahindi ya msimu mmoja pamoja na kahawa ya kihamba yanaweza kulipa awamu ya kwanza chuo cha umma wakati mnangoja majibu ya mkopo. Baba akitaka kusaidia, auze mavuno, mwaka kwa mwaka. Kama ni lazima kugusa shamba, alikodishe.

Wakala mwandikie, usimpigie. Mtake akutajie kwa maandishi jina kamili la chuo na chombo kilichokipa ithibati, kisha ukitafute kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani, iko wazi mtandaoni. Halafu uliza TCU kama shahada hiyo itatambuliwa hapa. Uliza kabla ya kusoma, maana walioulizia baada ya kuhitimu wamelia sana. Laki mbili idai, kwa risiti. Akikataa, ihesabu imekwenda, usiifuate na milioni nane nyingine.

Wakati unangoja dirisha la udahili, shughulikia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Bodi ya Mikopo inataka, polisi wanataka, na kila mwaka kuna watoto wanakosa mkopo kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha kidato cha nne yanatofautiana herufi moja. Yako yaangalie leo.